Printi ya maua ya Manet: fremu imenikwaza, ila picha yenyewe siibanduki

Niliagiza printi ya ule mchoro mdogo wa Édouard Manet, mchoraji Mfaransa, maua kwenye chombo cha kioo, wa mwaka 1882 hivi, orijino iko kwenye jumba la makumbusho la Musée d'Orsay kule Paris. Nilimchukulia mama, yuko kitandani miezi sasa, na maua halisi yanambana kifua, akasema basi niletee hata ya kuchorwa.

Nianze na kilichonikera. Mara ya kwanza nilichukua saizi kubwa kumbe orijino ni kama sentimita 56 kwa 35 tu, sasa ukiivuta zaidi ya hapo brashi inageuka madoa matupu, hamna maua tena. Wakakubali kubadilisha, hapo nawashukuru. Halafu fremu imekuja na kioo cha mbele kinachong'aa, mama akiwa amelala anaona dirisha badala ya maua! Tukakitoa kile kioo, hapo ndo tukaiona picha.

Na jamani ile picha... Usianzie juu, kwenye lile ua kubwa la zambarau, shuka kwenye maji. Vikonyo mule ndani ni mistari ya kijani tu, brashi imepita mara moja haikurudi, lakini unajua kabisa haya ni maji, unaona hadi yalipoishia kwenye kioo. Mimi hapo huwa nakwama, sijui hata nasikia nini, ni furaha lakini koo linakaba.

Wachoraji wa zamani wa Uholanzi, kina Rachel Ruysch, kwenye maua yao utakuta jani lililoliwa na wadudu au ua limeinama linakwisha, unaelewa wanakwambia nini. Manet hajaweka hata kimoja, maua yake ni mabichi kabisa, na ndo yananiumiza zaidi maana aliyachora akiwa mgonjwa, mguu unamtesa, marafiki wanamletea maua naye anayawahi kabla hayajanyauka. Aprili 1883 wakamkata mguu na mwezi uleule akafariki.

Haya yote sikumwambia mama. Siku ya tatu hivi akaniuliza mwenyewe, "Mwanangu, aliyechora hii alikuwa na haraka ya nini?" Nikajifanya natengeneza shuka.

Kwa hiyo nyota 4. Rangi zimetoka vizuri, labda ile kijivu ya nyuma imezidi ubluu kidogo, karatasi haing'ai na nzuri hivyohivyo. Ukiagiza chukua saizi ya orijino na uwaambie mapema hutaki kioo, na kama ni ya mgonjwa pima kwanza ukiwa umelala wewe mwenyewe pale kitandani, mimi niliitundika nikiwa nimesimama. Juzi kaniomba niishushe, akilala ubavu yale maji hayaoni vizuri. Nimeishusha.