Gundi ya sponji kwa vikaragosi: chukua ya fundi sofa, ya viatu iache

Wadau wa vikaragosi hapa Bagamoyo, hasa nyie wa pale TaSUBa, chuo chetu cha sanaa, mnaohangaika na vichwa vya sponji vinavyoachia katikati ya onyesho, mi jibu langu ni moja tu: nunua gundi ya njano ya mafundi sofa, ile nyepesi inayopakwa kwa brashi au kupulizwa kwa mashine. Ya fundi viatu nayo ni ya njano na ukiinusa utasema ni ileile, ila ni nzito, na kwenye sponji inaacha mstari mgumu pale kwenye mshono. Kwenye soli haina shida. Kwenye mdomo wa kikaragosi unaofunguka na kufunga onyesho zima, ule mstari unagoma kukunja na hata kwa nje unaonekana chini ya kitambaa.

Supa gluu achana nayo kabisa, inakauka kama kioo afu inakatika. Ya bunduki, yale mafimbo ya plastiki ya kuyeyusha, kwa kushikizia macho na vifungo iko poa, ila ukimwacha kikaragosi wako ndani ya gari saa saba mchana kwa jua la huku pwani utajua mwenyewe, inalainika na kila kitu kinahama. Ponali nyeupe ni ya mbao, kwenye sponji inachelewa mno kukauka.

Sasa matumizi, maana hapa ndo wengi wanailaumu gundi bure. Unapaka pande zote mbili, nyembamba, afu unaacha. Usibandike ikiwa mbichi! Gusa kwa mgongo wa kidole, ikivuta kidogo bila kubaki kidoleni hapo tayari, mara nyingi ni dakika 10 mpaka 20. Ukingo wa sponji una vitundu vinainywa, kwa hiyo ukiona pakavu kabisa piga mkono wa pili. Kubandika anza ncha mbili, fuata katikati, afu malizia kwa kubana na vidole kidogo kidogo kama unafunga sambusa, kwa sababu zikishagusana zimegusana, hakuna cha kusogeza.

Kitu ambacho kopo halisemi ni unyevu wetu. Ile dawa ya kuyeyushia iliyo ndani ya gundi ikiwa inaruka hewani inapoza uso wa gundi, na kipindi cha masika hewa imejaa maji, basi maji yanatua juu ya gundi na unaona kama ukungu mweupe. Ukibandika hapo inaachia tu hata ungebana na jiwe. Subiri ukungu uishe wenyewe au fanya kazi mchana kukiwa na jua, asubuhi ya mvua achana nayo.

Ubaya wake? Harufu, na sio harufu tu, nyingi zina toluini, mojawapo ya hizo dawa za kuyeyushia, inalevya na kichwa kinauma, afu inashika moto kirahisi mno. Fanyia barazani, mbali na jiko la mkaa na wavuta sigara. Kama unafundisha watoto tafuta ile ya maji, ipo ila madukani huku ni ya kubahatisha na inachelewa kukauka, lakini kwa watoto mi sioni mjadala. Pia hii ya njano usiigusishe na ile nyeupe ngumu (stairofomu) inayokuja ndani ya boksi la TV, inaila mpaka inabaki shimo.

Kuhusu kununua, kuna duka moja hapa mjini waliniuzia ya kupima kutoka kwenye kopo lililokaa wazi, ilikuwa imeshakuwa uji, inavuta nyuzi kila ukinyanyua brashi. Nunua kopo dogo lililofungwa hata kama kwa hesabu ya lita linakuwa ghali. Lile la lita nne waachie mafundi sofa wanaolimaliza, wewe utalifungua kila wiki mpaka ligande na nusu bado imo.