TAHADHARI: Nimeuziwa glukosi kwa jina la kriatini ya ubongo

Ndugu zangu, nimepigwa. 140,000 yangu imekwenda, na walionifumbua macho ni sisimizi.

Ilikuwa Jumanne usiku, nimetoka zamu, na mnajua hali yangu na huu mtihani wa uhasibu (CPA) wa Novemba. Yule dada wa kwenye kundi letu (kajitoa mwenyewe, msimtafute) akatuma sauti ya dakika nne akiuza kriatini, ule unga wanaokunywa watu wa gym. Vifua na mikono ya gym hakuvigusa kabisa. Yeye ni ubongo tu: kwamba nao unatumia kriatini kupata nishati ya haraka, kwamba mwaka 2024 huko Ujerumani watu 15 walinyimwa usingizi usiku kucha, wakapewa dozi moja, vichwa vikachangamka. "Hata wazee wanaosahau," akasema, "wape."

Mimi si mjinga. Nikautafuta huo utafiti, nikaukuta upo kweli! Hapo ndipo aliponimaliza. Tena akaniita "kaka yangu wa CPA" na kunipunguzia elfu kumi.

Bodaboda akaleta mkebe getini kazini, ndani ya nailoni nyeusi. Nikalipa kabla sijafungua. Ile karatasi ya kung'aa mdomoni ilikuwa imebandikwa kwa gundi, upande mmoja umejikunja. Niliiona kwa macho yangu haya, nikajiambia ni joto la Dar.

Nikakoroga kijiko kwenye maji baridi. Kikayeyuka papo hapo, maji maangavu kabisa, matamu kama ya kumpa mtoto aliyetoka kuharisha. Siku tatu nakunywa, na aibu ninayoificha tangu jana ni hii: nilimwambia mke wangu nasikia kichwa kimefunguka.

Siku ya nne sisimizi wamepanga foleni hadi kwenye kifuniko. Mama Zai akachovya kidole, akalamba, akautazama mkebe, akanitazama mimi. "Baba Zai, hii si glukosi?"

Kriatini halisi haina utamu, na kwenye maji baridi huacha chengachenga chini ya glasi. Namba ya toleo niliikwangua kwa ukucha ikatoka. Jina lililotokea wakati wa kulipa silo analojiita. Alama ya TBS, shirika la viwango, hakuna. Na hata angeniletea ya kweli, wale Wajerumani walitoa gramu 0.35 kwa kila kilo ya mwili. Kwa kilo zangu 62 ni karibu gramu 22 kwa mkupuo, wakati kijiko cha mkebe ni gramu 5. Mwaka huohuo mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilikataa dai kwamba kriatini inaongeza uwezo wa akili, ikisema ushahidi hautoshi. Haya nimeyasoma pesa ikishatoka.

Lakini mimi ni mzima, nimelamba sukari nikapona. Mzee mwenye kisukari je, aliyenunuliwa mkebe na mwanawe ili "akumbuke"? Anamkorogea glukosi asubuhi na jioni! Huyo dada si wa kurudisha pesa tu, ni wa kulala ndani, na bodaboda wake aseme mzigo anauchukulia wapi. Kama amewauzia wengine humu, njooni inboksi, msione haya, mimi nimeshatangulia kuaibika.

Kituoni wameniambia nilete mkebe. Naupeleka kesho, na sisimizi wake.