Filimbi kwenye vifuko vya zawadi vya watoto: duka moja la vifaa vya sherehe Kariakoo

Nilikusudia kulisifu duka hili, maana bei zake za jumla ni nafuu kweli, na vifuko vya karatasi nilivyonunua kwa ajili ya siku ya kuzaliwa ya binti yangu, aliyetimiza miaka 3, vilikuwa imara: vishikio havikung'oka wala rangi haikuchujia mikononi mwa watoto. Hadi hapo sina neno.

Nilimweleza muuzaji waziwazi kwamba wageni wengi ni watoto wa miaka 2 na 3, nikamwomba anichagulie vitu visivyo na vipande vidogo. Alinihesabia dazani za chupa za mapovu, stika, penseli nene za rangi na filimbi za plastiki, akavitoa vyote kwenye maboksi yake na kuvimimina katika mfuko mmoja mkubwa wa kaki.

Watoto walipokwisha kulishana keki na kila mmoja kupewa kifuko chake, filimbi ya mtoto wa jirani ilifunguka kwenye maungio kama ganda la karanga, na kile kigololi cha ndani kikabaki mdomoni mwake. Kwa bahati mama yake alikiona juu ya ulimi, akamwinamisha haraka, kikadondoka sakafuni. Tulizikusanya filimbi zote na kuzibinya moja moja, na nyingi zilifunguka kwa kubonyezwa na vidole viwili tu.

Niliporudi dukani siku chache baadaye, nilitegemea angalau neno la pole. Badala yake yule kaka, huku macho yake yakiwa kwenye simu, aliniuliza mbele ya wateja wengine: "Kwani mama, mwanao anapuliza au anatafuna?" Kisha akanyoosha kidole kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani: Mali ikishauzwa hairudishwi. Nyuma yake, rafuni, yalipangwa maboksi ya filimbi zilezile, na kila boksi lilikuwa na alama ya uso wa mtoto ndani ya duara lililokatwa kwa mstari, pamoja na tarakimu 0-3, maana yake hazifai kwa watoto wa chini ya miaka 3. Yaani onyo lilibaki dukani, filimbi zikaenda kwa watoto! Nilipomwonyesha alama hiyo, alinijibu kwamba hayo wameyaandika wenyewe huko kiwandani, yeye kazi yake ni kuuza.

Haki yake nitampa: mapovu yaliwafurahisha watoto kuliko kitu kingine chochote, na kwa bei ile ningeweza kumshauri mzazi anunue hapo vifuko na stika, mradi adai kuona boksi la kila kitu kabla ya kulipa. Hata hivyo, kila nikilikumbuka lile swali la kutafuna, ushauri huo naona niufute. Mtu anayemjibu mzazi hivyo kuhusu kitu kilichoingia mdomoni mwa mtoto hastahili kumuuzia hata sisimizi, sembuse kuungwa mkono na wateja. Nampa nyota moja, nayo ni ya vifuko. Mapovu yaleyale yanauzwa na mama mmoja aliyetandaza bidhaa zake nje, hatua chache kutoka mlangoni pa duka hilo, kwa bei ya juu kidogo, na yeye hukukabidhi pamoja na boksi lake.