Skana ya redio ya mkononi: ipi ununue, na itunzwe vipi

Skana ni redio inayozunguka masafa mengi yenyewe na kusimama inaposikia mtu akizungumza. Kabla hujauliza ipi ni bora, jiulize unataka kumsikia nani. Marubani na waongoza ndege huzungumza kati ya 118 na 137 MHz, kwa AM. Vyombo vya majini viko kwenye 156 hadi 162 MHz, kwa FM, na chaneli ya 16, yaani 156.8 MHz, ndiyo ya wito na dharura. Hao wote bado wanatumia analogi, na skana ya kawaida kabisa itakuletea sauti zao safi. Polisi, zimamoto na magari ya wagonjwa ni habari nyingine. Katika nchi nyingi wamehamia mifumo ya kidijitali, na mingine sauti zake zimefungwa kwa msimbo wa siri. Mawasiliano yaliyofungwa hayafunguliwi na skana yoyote ya dukani, hata iwe ya bei gani. Inaniuma kila nionapo mtu amenunua mashine ghali kuliko zote, halafu anakaa nayo usiku mzima bila kusikia neno.

Ulizia na sheria ya mahali ulipo. Uingereza, kwa mfano, kumiliki skana si kosa, lakini sheria ya mwaka 2006 inakataza kusikiliza mawasiliano ambayo hukukusudiwa.

Huu ndio mpangilio wangu.

1. Uniden BC125AT (Ulaya huuzwa kama UBC125XLT)

Kwa wengi wenu, mnunue hii na mwishie hapo. Ni ya analogi tu. Ina chaneli 500 zilizogawanywa katika benki, yaani makundi, 10, na kila chaneli unaipa jina, kwa hiyo kioo kinakuandikia "Mnara wa ndege" badala ya tarakimu ambazo kesho utazisahau. Inatumia betri mbili za AA, unaichaji kwa waya wa USB, na waya huohuo unakuwezesha kupanga chaneli kwa kompyuta. Ina pia Close Call, ambayo hunasa redio yoyote ya upepo inayorusha karibu nawe hata kama hujui masafa yake. Ukiwa kwenye mbio za magari au maonyesho ya ndege, hicho kitu kimoja kinatosha kukufanya uipende. Haiwezi kufuata mifumo ya kidijitali, na toleo la BC125AT haifiki masafa ya juu ya 512 MHz. Ukishaikubali hivyo, haitakuangusha.

2. Uniden SDS100

Hii ilitoka mwaka 2018, na nimeiweka ya pili kwa ajili ya mtu mmoja tu: anayeishi mahali ambapo huduma za dharura zinatumia P25, mfumo mmoja wa redio wa kidijitali, bila kufungwa, kama ilivyo sehemu nyingi za Marekani. Huko mara nyingi minara kadhaa hurusha sauti ileile, kwenye masafa yaleyale, kwa wakati mmoja. Mawimbi yanafika kwenye antena yako yakiwa yamepishana kidogo sana, na skana za kidijitali za zamani huchanganyikiwa, zikatoa maneno yaliyokatikakatika. Kipokezi cha SDS100 kimeundwa tofauti ili kuitatua shida hiyo, na inaitatua kweli. Lakini inakula betri upesi, na mifumo mingine ya kidijitali, DMR na NXDN, unailipia zaidi. Haisomi TETRA, mfumo mwingine wa kidijitali, ambao ndio unaotumiwa na huduma za dharura katika nchi nyingi za Ulaya. Uliza kwanza mji wako unatumia mfumo gani.

3. Kijiti cha RTL-SDR

Si skana ya mkononi kwa maana halisi, kwa sababu unakichomeka kwenye USB ya kompyuta au simu. Hata hivyo nakipenda. Vilitengenezwa kwa ajili ya kutazama televisheni kwenye kompyuta, na mwaka 2012 wapenzi wa redio wakabaini kwamba chipu yake, RTL2832U, inaweza kugeuzwa kipokezi cha karibu kila kitu. Vile vyenye kipokezi cha R820T2 vinashika takriban 24 hadi 1,766 MHz. Unayaona mawimbi kwa macho yakipanda na kushuka kwenye kioo. Kwa sababu bei yake ni nafuu kuliko skana yoyote hapa, kinafaa kukuonyesha kuna nini hewani kwenu kabla hujatoa pesa nyingi.

4. Icom IC-R6

Inaenea kwenye mfuko wa shati, ina chaneli 1,300, na inapokea kuanzia 0.1 hadi karibu 1,310 MHz, zikiwemo stesheni za kawaida za AM na FM. Ni kifaa cha msafiri. Menyu zake zinahitaji subira, na haisomi dijitali.

5. Uniden BC75XLT

Chaneli 300, hakuna majina. Inasikia vizuri, lakini ongeza kidogo uchukue ya kwanza.

Redio za upepo za bei nafuu kama Baofeng UV-5R sizihesabu kabisa. Zinazunguka chaneli polepole, nyingi hazipokei AM ya ndege, na zaidi ya yote zina kitufe cha kurusha. Kidole kikiteleza, umeingilia mawasiliano ya watu wenye kazi.

Ukishanunua, pesa inayofuata iende kwenye antena. Ile fupi ya raba inayokuja na boksi inajaribu kushika kila kitu, kwa hiyo haishiki chochote vizuri sana. Hesabu ni nyepesi: gawanya 75 kwa masafa ya MHz, utapata urefu wa robo wimbi kwa mita. Kwa ndege, 127 MHz, ni kama sentimita 59. Kwa 450 MHz ni 17 tu. Kabla ya kununua antena tazama kiungio: BC125AT ina BNC, SDS100 ina SMA, ambacho ni kidogo na huvunjika ukibeba skana kwa kushika antena.

Skwelchi, yaani kidhibiti kinachonyamazisha mkwaruzo, izungushe mpaka kelele ikatike, kisha songa kidogo tu. Ukiipandisha sana utawapoteza wanaosikika kwa mbali, na mara nyingi hao ndio wenye mazungumzo ya kuvutia. Weka pia sekunde mbili za kusubiri kwenye kila chaneli, la sivyo utasikia swali na kukosa jibu.

Betri ndizo zinazoua skana nyingi. Yangu ya kwanza niliiacha kabatini na betri za alkali ndani, nikaikuta imejaa unga mweupe, chuma cha mguso kimelika. Ukiuona unga huo mapema, upake siki kidogo kwa pamba iliyo kwenye kijiti, ufute, kisha uache pakauke kabisa. Ndani ya sehemu ya betri ya BC125AT mna swichi ndogo ya kuchagua alkali au NiMH, yaani za kuchajiwa. Iweke sawa kila unapobadilisha, kwa maana kuchaji betri za alkali kunaweza kuzipasua. Ukijua hutaigusa skana kwa wiki kadhaa, zitoe zote, na faili la chaneli zako lihifadhi kwenye kompyuta.