Kabla ya Kununua SSD ya Kunakilia Diski ya Zamani, Hesabu Baiti

Kompyuta yangu ya mezani ilikuwa ikichukua dakika kadhaa kuwaka, kwa sababu ilikuwa bado inatumia diski ya kuzunguka. Niliamua kununua SSD, yaani diski ya kisasa isiyo na kitu kinachozunguka ndani yake, kunakili kila kitu kama kilivyo, kisha kuitoa ile ya zamani. Windows ilinionyesha kwamba diski ya zamani ina gigabaiti 465, kwa hiyo nilipopewa SSD ya 480 niliona inatosha na kubaki, na muuzaji akanihakikishia hivyo hivyo. Nilifungua kasha, nikaunganisha nyaya, nikawasha Clonezilla, programu ya bure ya kunakili diski, nayo ikakataa kuendelea kwa maelezo kwamba diski mpya ni ndogo kuliko ya zamani. Nilipoirudisha, niliambiwa kwamba kasha likishafunguliwa bidhaa hairudishwi.

Kosa hili ndilo ninalotaka msomaji aliepuke, kwa kuwa watu huuliza kasi na bei, lakini ni wachache mno wanaouliza idadi ya baiti. Watengenezaji huhesabu gigabaiti moja kuwa baiti bilioni moja, ilhali Windows huihesabu kuwa baiti 1,073,741,824. Ndiyo maana diski iliyoandikwa 500 huonekana kama 465, na ile ya 480 ikishaunganishwa huonekana kama 447. Nilikuwa nimelinganisha namba ya skrini na namba ya kasha, vipimo viwili visivyolingana. Diski ya 500 kwa kawaida ina baiti 500,107,862,016, na ya 480 ina baiti 480,103,981,056. Pengo hilo la baiti bilioni 20 linatosha kuizuia kazi yote.

Usidhani kwamba kupunguza ukubwa wa C, sehemu ya diski inayobeba Windows yenyewe, kunamaliza tatizo. Clonezilla, isipoelekezwa vinginevyo, hutaka diski mpya iwe sawa na ya zamani au kubwa zaidi, hata kama nusu ya ile ya zamani ni tupu. Zaidi ya hayo, mara nyingi Windows huweka sehemu ya kujirekebishia mwishoni kabisa mwa diski, nyuma ya C, kwa hiyo hata ukiibana C, kipande hicho cha mwisho hubaki palepale kilipokuwa. Zipo programu zinazoweza kupanga sehemu hizo upya wakati wa kunakili, lakini mimi sipendi kununua diski ambayo mafanikio yake yanategemea programu nitakayoipata. Mojawapo, toleo la bure la Macrium Reflect, ambalo wengi tulilitegemea, liliacha kuhudumiwa 1 Januari 2024.

Kwa hiyo pima kabla ya kununua. Katika Windows, fungua PowerShell, dirisha la kuandikia amri, uandike Get-Disk | Select Number, Size. Katika Linux, andika lsblk -b. Nakili namba yote, tarakimu kwa tarakimu, uende nayo unapokwenda kununua.

Chaguo langu la kwanza, na sifichi kwamba naipendelea, ni Samsung 870 EVO ya terabaiti 1. Ina kumbukumbu yake ya DRAM, yaani kumbukumbu ndogo ya haraka ndani ya diski yenyewe, imepewa dhamana ya miaka 5 au terabaiti 600 za kuandikwa, kimojawapo kikitangulia, na Samsung hutoa bila malipo programu ya kuhamishia data, ingawa programu hiyo haikubali kuandika kwenye diski ya kampuni nyingine. Ya 500 ya aina hiyohiyo itakufaa ikiwa diski yako ya zamani ni ya 500 kamili. Lakini kompyuta nyingi hutoka kiwandani na SSD ya 512, yenye baiti 512,110,190,592, na hapo hata EVO ya 500 itakataliwa vilevile kama ilivyokataliwa yangu. Mwenye 512 aende moja kwa moja kwenye terabaiti 1.

Ya pili ni Crucial MX500, ambayo nayo ina DRAM na dhamana ya miaka 5, na ilitengenezwa pia kwa ukubwa wa 500. Ya tatu ni Samsung 870 QVO, nami naiweka hapa kwa shingo upande. Ile ya terabaiti 1 huandika kwa kasi kubwa katika gigabaiti 42 za mwanzo tu, kisha hushuka hadi megabaiti 80 hivi kwa sekunde, na kunakili diski nzima ndiyo kazi hasa inayovuka kiwango hicho.

Diski za bei ya chini, kama Kingston A400, hupatikana kwa ukubwa wa 240, 480 na 960. Zinafaa pale unapoweka Windows upya badala ya kunakili.

Jambo linaloniudhi hadi leo ni wauzaji wanaotangaza "500" na kukabidhi 480, au wanaoandika "terabaiti 1" juu ya diski ya 960, kana kwamba mnunuzi anakadiria mzigo kwa macho. Namba sahihi imechapishwa kwenye kasha wanalolishika mkononi. Anayelipia 500 ana haki ya kupewa 500, na anayerudisha diski kwa sababu ameuziwa ukubwa ambao sio hastahili kuambiwa habari za kasha lililofunguliwa.

Ukishapata diski inayotosha, iunganishe ndani ya kompyuta kwenye tundu la pili la SATA, yaani tundu la waya wa diski kwenye ubao mkuu. Waya wa data ununue kando, kwa kuwa aghalabu haumo kwenye kasha. Nakala ikimalizika, zima kompyuta na uchomoe diski ya zamani kabla ya kuiwasha tena, kwa sababu diski mbili zenye utambulisho mmoja huichanganya Windows. Ile ya zamani usiifute mpaka umeitumia mpya kwa wiki mbili hivi na kufungua mafaili yako muhimu, moja baada ya jingine.