Kibodi ya kazi: angalia kwanza kona ya juu kushoto

Shangazi yangu wa Muheza hajawahi kuuliza nafanya kazi gani. Mwezi uliopita aliuliza, tena mbele ya ukoo mzima kwenye grupu la familia: "Wateja gani hao wenye deni, mwanangu? Umefungua duka?"

Kisa chote ni kibodi. Nilikuwa ofisini nachimba hifadhidata ya MySQL, nimeandika SELECT * FROM, nikahitaji ile alama ya ` ya kufungia jina la jedwali. Ofisini tunaiita baktiki. Kwenye kibodi yangu mpya baktiki haikuwa na kibonye chake. Lazima ushike Fn, kile kibonye kinachokipa kibonye kingine kazi ya pili, halafu ubonyeze Esc. Kidole kikateleza kikaangukia Q, na Fn na Q kwenye kibodi ile maana yake ni "hamia kwenye simu", yaani unachoandika kinaenda kwenye simu badala ya kompyuta. Mimi macho yapo kwenye daftari, vidole vinaendelea. Nilipobonyeza Enter, grupu la familia likapokea: wateja WHERE deni > 0;

Mjomba mmoja ninayemdai elfu arobaini alijitoa kwenye grupu dakika ile ile.

Kibodi hiyo niliinunua Kariakoo kwa 130,000. Jina silitaji. Ni zile ndogo za vibonye 61 zinazopigwa picha pembeni ya kikombe cha kahawa, na taa zake zilikuwa zinapita rangi zote kama basi la mkoani usiku. Vibonye 61 maana yake F1 hadi F12 hakuna, mishale hakuna, Delete hakuna. Hayo niliyajua, nikajisemea nitazoea. Nisilolijua ni kwamba kule kona ya juu kushoto wapangaji wawili wamehamishiwa chumba kimoja: Esc, na kile kibonye chenye ` na ~. Mmoja lazima alale sebuleni, yaani nyuma ya Fn, na kwenye yangu aliyetolewa ni huyo wa pili.

Kwa anayeandika barua za ofisi, sawa tu. Sidhani kama kuna karani aliyewahi kuitafuta ~ kwa machozi. Lakini ukiandika programu kwa lugha ya JavaScript, tangu 2015 maneno unayotaka kuchomeka thamani ndani yake yanafungwa kwa baktiki. Kwenye Markdown, ile njia ya kupamba maandishi kwa alama, unafunga msimbo wa programu kwa baktiki. Kwenye Linux, ~ ndiyo nyumbani kwako, yaani folda yako kuu. Na mwenzako anayeandikia programu kwenye Vim anaibonyeza Esc kama anayeua mbu, kwa hiyo usidhani utamwambia abadilishane. Kwangu mimi kila baktiki ikawa mradi wa mikono miwili: wa kulia unashuka kwenye Fn, wa kushoto unapanda kwenye Esc, kipanya kinabaki yatima. Ifanye hiyo siku nzima halafu nipigie.

Kama unaona nakuza jambo, kumbuka Apple. Mwaka 2016 waliing'oa Esc ya kubonyeza kwenye MacBook Pro zenye Touch Bar, wakaweka ya kuguswa kwenye kioo. Walipotoa ile ya inchi 16 mwaka 2019, Esc ya kweli ilikuwa imerudi mahali pake. Na Microsoft nao, Januari 2024 wakatangaza kibonye cha kumwita Copilot, msaidizi wao wa akili bandia, ambacho kwenye laptop nyingi mpya kimekalia kiti cha Ctrl ya kulia. Nani alikiomba? Kila siku napigwa kumbo na kibonye kinachotaka kunisaidia.

Haya, orodha. Sitaeleza habari za taa wala rangi. Kila kibodi nimeihukumu kwa kona ile.

1. Keychron K2. Nasema wazi kwamba nina upendeleo, na sijalipwa hata senti. Vibonye 84. Esc iko juu peke yake, ` iko chini yake peke yake, kila mtu na mlango wake. Mstari wa F upo, mishale ipo, Delete ipo, na bado ni fupi kiasi kwamba kipanya hakisukumwi hadi kwenye meza ya jirani. Inakaa na vifaa vitatu kwa Bluetooth, ina waya wa USB-C kwa siku chaji imeisha, na ubavuni ina swichi ya kuhama kati ya Mac na Windows. Ndani ya boksi unapewa vibonye vya ziada vya Windows, usivitupe na karatasi.

Ubaya wake: ni nene. Bila kitu cha kuegemeza viganja utaumwa. Mimi nimeweka kanga nimeikunja mara nne, inatosha. Na ukiiacha kwa muda kwenye Bluetooth inalala, herufi ya kwanza au mbili zinapotea inapoamka. Ndiyo maana nywila yangu inakataliwa kila nikitoka chai.

Swichi za ndani, vile vidude vilivyo chini ya kila kibonye, chukua za kahawia. Za bluu zinapiga kelele. Nilikuja nazo mara moja, mhasibu wetu akasimama mlangoni akauliza nani anakaanga bisi.

Halafu tafadhali, usichanganye K2 na K6. K6 ni ya kampuni hiyo hiyo, ni ndogo zaidi, ni nzuri, na ina ugonjwa ule ule wa kona. Muuzaji atakwambia "ni kitu kile kile, dada". Si kitu kile kile.

2. Logitech MX Keys. Hii ni kwa asiyetaka makelele kabisa. Vibonye vyake ni bapa kama vya laptop, vina kibonde katikati ambacho kidole kinakizoea haraka, na kona iko salama. Inachajiwa kwa USB-C, inashika vifaa vitatu. Nisingeinunua kwa pesa yangu kwa sababu nataka kusikia nafanya kazi, lakini kampuni ikikupa, pokea kwa mikono miwili.

3. Redragon K552. Vibonye 87, ya waya, nzito kama jiwe la kusagia. Kona safi. Imejaa taa za watoto wa gemu, utamezea.

Logitech K380 ni ya kubeba kwenye mkoba, inatumia betri mbili ndogo, kona iko sawa. K120 inaandika. Za elfu kumi na tano za barabarani hazina haja ya aya.

Jambo moja kuhusu za mtumba, maana nyingi zinatoka Uingereza. Tazama Enter. Ikiwa ndefu kwenda juu, imeshika mistari miwili, hiyo huenda ni ya Uingereza: @ na " zimebadilishana viti, na ~ imehamia jirani na Enter. Unaweza kuishi nayo, ila kompyuta nayo uiambie, la sivyo kilichochorwa na kinachotoka havitakutana. Na kama kila ukiandika ng'ombe inatoka ngómbe, kibodi haina kosa. Windows yako imewekwa mpangilio wa herufi wa US International, irudishe kwenye US ya kawaida.

Sasa wauzaji. Ninyi wa Instagram mnaoweka picha nane, video moja yenye muziki, halafu chini mnaandika "bei inbox". Kwa nini? Ni siri ya jeshi? Niliuliza bei ya K2 kwa mmoja nikatajiwa laki nne na nusu. Kaka yangu akauliza jioni ile ile, kwa akaunti yenye picha ya mtu amepanda bodaboda, akatajiwa laki tatu na ishirini. Nikamtuma yeye akachukue. Dukani nako ukiomba boksi lifunguliwe uone kona, unaambiwa "dada yangu hii ni OG, ikifunguliwa inashuka thamani". Ikishafunguliwa nyumbani na ina kasoro, ni yako. Kwa hiyo kabla hujatoka nyumbani tafuta picha ya modeli unayoitaka, ikuze kwenye simu, hesabu vibonye vya kona ile. Viwe viwili. Mwenye duka akikuletea nyingine "kama hiyo hiyo", linganisha na picha mbele yake, wala usione aibu. Hela ni yako.

Ile ya vibonye 61 bado ninayo kwenye droo, na boksi lake. Anayeandika barua tu, au mashairi, itamfaa sana. Bei elfu sitini, nimeiandika hapa hapa, na mjomba akirudi kwenye grupu naweza kupunguza.