Kitabu Kilichonipitisha Kituo: Uchambuzi wa The Day of the Jackal

Wadau, habari zenu, karibuni tena. Leo sina salamu ndefu, kuna kitu kimenikaa rohoni tangu Jumanne. Ngoja nikisogeze kwenye kamera. Hiki hapa. The Day of the Jackal, cha Frederick Forsyth. Ni cha mtumba, jalada limefifia, na hiyo rababendi mnayoiona si urembo. Gundi ya mgongoni imekaushwa na joto letu hili, karatasi zinachomoka zenyewe.

Jumanne asubuhi, hapa Dar, nimepanda basi la mwendokasi Kimara. Nashuka DIT, kila siku ya kazi ni hapohapo. Nikafungua nilipokuwa nimeishia. Shekilango sikuiona. Magomeni watu wakapanda, wakanibana, nimeng'ang'ania bomba kwa mkono mmoja na kitabu kwa mwingine. Kuja kuinua kichwa, naona maji, naona watu wanakimbilia pantoni. Niko Kivukoni! Yaani mtu mzima nimepitishwa kituo na karatasi.

Ndiyo maana leo nataka tuongee jambo moja tu: hizi riwaya za muuaji wa kukodiwa zinatushika kwa kitu gani? Wengi mtaniambia ni risasi. Hapana. Twende taratibu.

Hadithi yenyewe wengi mnaijua, sitakaa hapo. Muuaji Mwingereza, jina lake la kweli halijulikani, anakodiwa kumuua Rais wa Ufaransa, Charles de Gaulle. Dola nusu milioni, nusu inatangulia, nusu kazi ikiisha. Filamu ipo ya 1973, na 2024 ukaja mfululizo wa televisheni uliohamishia mambo kwenye zama zetu. Kama umetazama hivyo viwili ukadhani kitabu umekimaliza, nivumilie kidogo.

Sasa sikilizeni. De Gaulle hakuuawa na mtu. Alifariki nyumbani kwake Novemba 1970, kwa maradhi. Kitabu kikatoka 1971. Kwa hiyo yeyote aliyekinunua, tangu siku ya kwanza dukani, alishajua kwamba huyu muuaji atashindwa. Forsyth alikiandika mwaka 1970, siku 35 tu, akiwa hana hela. Alipokipeleka kwa wachapishaji wakamkatalia, maana mzee de Gaulle alikuwa bado yupo hai, nani atasoma hadithi ambayo mwisho wake unajulikana? Swali la haki kabisa. Na jibu ni mimi, nimesimama Kivukoni, miaka zaidi ya hamsini baadaye, nimechelewa kazini.

Ngoja niwaonyeshe kinavyofanya kazi. Natoa rababendi. Kitabu kina sehemu tatu. Ya kwanza njama, ya pili msako, ya tatu mauaji. Nazishika kwa vidole, angalieni unene. Hii ya kwanza, nene. Hii ya pili, nene. Na hii ya tatu... mnaona? Kijisehemu hiki tu. Ukipiga hesabu ya mtu anayependa milio ya bunduki, hapa ameibiwa. Karibu kitabu kizima muuaji yuko kwenye maandalizi. Anatafuta pasipoti. Anazunguka makaburini Uingereza kutafuta mtoto aliyefariki mdogo, ambaye angekuwa na umri kama wake, aombe cheti cha kuzaliwa kwa jina hilo. Anaenda kwa fundi wa bunduki Brussels, wanajadiliana bunduki iwe nyembamba kiasi gani, ivunjwe vipande vingapi, ifichwe ndani ya kitu gani. Na wewe msomaji umekaa kimya unasikiliza, kama vile wewe ndiye utakayeulizwa kesho.

Nipisheni kidogo. Mmeona hili tikiti hapa mezani? Nimelinunua Buguruni kwa ajili ya dakika hii. Kuna sehemu muuaji anaenda msituni kule Ubelgiji kuijaribu bunduki. Amebeba tikiti na kikapu cha nyavu. Anachukua rangi, analichora sura. Tazama na mimi nachora. Macho... pua... mdomo. Analining'iniza kwenye mti, anarudi nyuma hatua kwa hatua, zaidi ya mita mia. Anapiga. Risasi imeenda kando. Anachukua bisibisi ndogo, anakaza skrubu ya darubini, anapiga tena, anarekebisha, anapiga tena. Hana haraka, na hakuna mtu anayemfukuza. Halafu sasa anaweka risasi moja ya aina nyingine, ile yenyewe aliyoiagiza kwa kazi. Anapiga. Tikiti halipo. Kimebaki kikapu kitupu kinabembea kwenye tawi, kinachuruzika.

Wadau, niliposoma hapo nilifunga kitabu. Mwandishi hajamgusa binadamu hata mmoja kwenye ukurasa ule, ameliacha tikiti lenye macho liseme. Tangu hapo, kila ukurasa unaofuata nauona ule wavu.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: tunamtazama fundi. Nenda Kariakoo, mtaa wa Aggrey, simama kwa fundi simu amefungua kioo, ameshika koleo ndogo, jicho moja amelifumba. Dakika mbili haziishi, watu watano wamemzunguka, na hakuna mwenye simu pale! Wanataka tu kuona ile skrubu inaingia. Sisi binadamu tunapenda kumwona mtu anayeijua kazi yake. Forsyth alikuwa mwandishi wa habari wa shirika la Reuters, Paris, miaka ya sitini, miaka hiyohiyo ya hadithi hii, ameandika kama mtu anayepeleka habari ofisini: saa ngapi, mtaa gani, treni ipi. Unaamini kila kitu. Na ukishaamini, mkono unafunua wenyewe.

Lakini nisiwafiche, kuna kitu kilinisumbua. Kufika katikati nilijikuta nataka afanikiwe. Kweli kabisa! Polisi wamekaribia, moyo wangu unamwambia kimbia kaka, kimbia. Muuaji! Halafu kumbuka waliomkodi ni kina nani. Ni OAS, kundi la wanajeshi na wenzao waliomchukia de Gaulle kwa sababu aliiachia Algeria. Algeria ilipata uhuru Julai 1962, miezi saba tu baada ya Tanganyika yetu. Mwezi uliofuata, tarehe 22 Agosti, wakamvizia kweli pale Petit-Clamart, nje ya Paris, gari likamiminiwa risasi, yeye na mkewe wakatoka wazima. Kiongozi wa shambulio, Bastien-Thiry, alipigwa risasi na kikosi Machi 1963, na kitabu kinaanzia asubuhi hiyo. Kwa hiyo hasira inayolipia kazi hii ni hasira ya watu waliokasirika kwamba nchi ya Afrika imekuwa huru. Nimesoma Mwafrika mimi, nimekaa upande wao kurasa mia na kitu bila kujijua. Ikaniuma.

Aliyenirudisha ni Claude Lebel, polisi mfupi, mpole, mabosi wanamdharau mezani. Naye fundi vilevile! Anapiga simu, anasubiri, anapiga nyingine, hata kulala halali. Ndipo nikagundua kumbe ni mafundi wawili, mmoja anajenga, mwingine anabomoa, na kijisehemu kile chembamba cha mwisho ndiko wanakokutana. Hapo sisemi zaidi.

Mtaniuliza, na vya kwetu je? Kuna dada kwenye maoni ameandika nimesahau riwaya za Kiswahili. Dada yangu, siwezi kusahau. Kufa na Kupona ya Elvis Musiba, 1974, ndiyo iliyonifundisha kusoma usiku. Kwa mwendo, shujaa wake, jasusi Willy Gamba, anamwacha muuaji wa Forsyth mbali, anapambana, anapendwa, anasafiri, hupumui. Na yeye yuko upande wa ukombozi wa Afrika, roho yako inatulia. Ben Mtobwa naye na mpelelezi wake Joram Kiango, lugha tamu mno. Ila ile subira ya tikiti, ile ya kukaa na bisibisi kurasa nne, kwetu sijaikuta bado. Ningetamani mwandishi mmoja wa hapa aifanye, Dar hii hii, bandari ipo, pantoni lipo, makaburi ya Kinondoni yapo.

Kasoro. Kiingereza chake ni kizito mwanzoni, majina ya idara za Kifaransa yanapishana mpaka kichwa kinauma. Zirukeni, hamtapotea. Wanawake wameandikwa vibaya, kama vyombo vya kupitia. Kwa hilo nakishusha alama bila huruma. Forsyth amefariki mwaka 2025 akiwa na miaka 86, na sidhani kama kuna aliyemwambia.

Bei: nimekipata kwa wale wanaopanga vitabu chini pembeni ya Samora. Alianza elfu kumi na tano, tukaachana kwenye elfu nane. Na hapa nina neno. Nilimuuliza muuzaji, kurasa zote zipo? Akaniambia zipo, bosi, kitabu kizima. Nimefika nyumbani, karatasi mbili za sehemu ya pili hazimo. Ilibidi nimwombe rafiki anisomee kwa simu kutoka nakala yake. Kwa hiyo ukienda, usiangalie jalada. Kipindue, kikunje mgongo kidogo, usikilize kama gundi inalia, halafu hesabu namba za kurasa pale pale mbele yake.

La chaneli: video sasa zitakuwa Jumamosi badala ya Alhamisi, maana Alhamisi umeme mtaani kwetu hauaminiki. Na mwenye Kufa na Kupona chapa ya zamani, hata kama haina jalada, aniandikie hapo chini, naifuata popote, hata Mbagala. Haya, nipeni kisu, hili tikiti ni zuri, tusiliache mpaka kesho.